Nani Abebe Hasara? Haki kati ya Vizazi Kazini na Mikopo ya Vijana nchini Uganda

Waswahili wana methali mbili zinazopingana. Moja husema subira yavuta heri. Nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulipokuwa tukisoma fasihi simulizi tulifundishwa kwamba methali hupingana kwa sababu maisha yenyewe yana hali nyingi, na mwenye hekima ni yule anayejua lini atumie ipi. Swali la insha hii linahitaji hekima hiyo. Kijana aliyehitimu masomo na kukosa kazi inayomtosha huambiwa mambo mawili: asubiri zamu yake, au ajiajiri. Je, anapoambiwa hivyo anatendewa haki? Na kama hatendewi haki, anayemkosea ni nani: mzee aliyeko kazini, au serikali inayomkopesha?

Nitatumia zaidi mifano ya Uganda, ambako ndiko ninakosoma, na pale inapofaa nitagusa Kenya na Tanzania ambazo mikopo yao kwa vijana inafanana na yetu. Hoja nitakayoitetea ni kwamba mzee si adui wa kijana, ingawa foleni ya kazi haikuwa sawa kwa vizazi vyote. Kwa hiyo deni la kurekebisha foleni hiyo ni la jamii nzima kupitia serikali, na serikali hailipi deni hilo kwa kumkopesha kijana pesa na kumwachia hasara yote. Inalilipa pale tu inapokubali kubeba sehemu ya hasara hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ukosefu wa ajira ni jambo la wazi: mtu hana kazi na anaitafuta. Ajira pungufu hujificha. Wataalamu wa takwimu za kazi humhesabu kuwa na ajira pungufu mtu anayefanya kazi saa chache kuliko zile anazotaka na anazoweza kufanya. Ipo pia aina ya pili, ambapo saa zinatosha au hata kuzidi, lakini kazi yenyewe haihitaji ujuzi ambao mtu aliusomea, au malipo yake hayamfikishi mwisho wa mwezi.

Dada mmoja aliyenitangulia idarani kwa miaka 3 alihitimu shahada ya ualimu, masomo yake yakiwa Kiswahili na historia. Leo anafundisha katika shule mbili za binafsi nje kidogo ya Kampala. Zote mbili humlipa kwa kipindi, si kwa mwezi, kwa hiyo likizo ikianza malipo yanakoma. Jioni hukaa kwenye kibanda cha pesa za simu cha shangazi yake. Ukimwuliza karani wa sensa, atasema dada huyu ana kazi, tena ana kazi tatu. Ukimwuliza yeye mwenyewe, atakwambia hana hata moja. Jambo hili linashangaza zaidi kwa sababu mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulifanya Kiswahili kiwe somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi. Mtu angetarajia walimu wa Kiswahili wagombaniwe. Lakini kuamua lugha ifundishwe ni jambo moja, na kutenga fungu la mishahara la kuwaajiri walimu wake ni jambo jingine.

Ajira pungufu ina ubaya wa kimaadili ambao ukosefu wa ajira hauna. Asiye na kitu huhurumiwa. Mwenye nusu huambiwa ashukuru, na akilalamika huonekana anachagua kazi. Hivyo malalamiko yake hayasikiki, na miaka yake inapita huku akihesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa.

Kijana wa namna hii akitazama juu, mtu wa kwanza anayemwona ni mzee aliyekaa kwenye kiti anachokitaka. Kwetu mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Kenya iliongeza umri huo kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na viti ambavyo vingeachwa wazi mwaka ule vikabaki na wenyewe kwa miaka 5 zaidi. Ni rahisi basi kusema kwamba wazee wametuzibia njia, na kwamba haki ingetendeka kama wangeondoka mapema. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi mabwenini, na baadhi yetu huitoa kwa uchungu wa kweli. Tuipime kwa makini.

Wanauchumi wengi wangetujibu kwamba idadi ya kazi katika nchi si kama viti vya ukumbini, kwamba akiinuka mmoja ndipo akae mwingine. Mshahara wa mwalimu mkongwe unanunua nyama buchani, unalipa fundi wa kujenga na unalipa karo ya watoto wake na pengine ya wapwa zake watatu. Ukimwondoa, baadhi ya kazi hizo za wengine nazo zinapotea. Jibu hilo lina ukweli kwa uchumi mzima. Lakini tuseme ukweli pia kwamba katika ofisi ya umma yenye nafasi zilizoidhinishwa, kiti ni kiti. Kama wilaya imeruhusiwa kuwa na maofisa elimu wawili, wa tatu hawezi kuajiriwa mpaka mmoja aondoke. Kwa hiyo kijana hasemi uongo anapoona amezibiwa. Anakosea anapodhani kwamba aliyemzibia ndiye aliyepanga iwe hivyo.

Tazama hali ya mzee mwenyewe. Mtumishi wa serikali ana pensheni, lakini fundi mwashi, mama wa sokoni na dereva wa lori hawana. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ilikuwa ikiwabana waajiri wenye wafanyakazi 5 au zaidi tu, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2022 ili iwabane wote. Ruzuku ya serikali kwa wazee, ambayo ni shilingi 25,000 kwa mwezi, huanza mtu akifikisha miaka 80. Kati ya miaka 60 na 80 kuna miaka 20 ambayo mzee asiye na pensheni hana cha kumlisha isipokuwa mikono yake na watoto wake. Watoto wenyewe ndio sisi, wenye ajira pungufu. Mtu wa namna hiyo akiendelea kushika kazi yake, hatuwezi kumwita mchoyo. Kumfukuza ili kijana apate nafasi ni kuhamisha njaa kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ileile.

Hata hivyo, mtetezi wa mpangilio wa sasa anaweza kuja na hoja nzito zaidi. Mwanafalsafa Norman Daniels alieleza katika miaka ya 1980 kwamba kuwatendea watu tofauti kwa sababu ya umri si sawa na kuwatendea tofauti kwa sababu ya rangi au jinsia. Mtu mweusi hatakuwa mweupe baadaye, lakini kijana atakuwa mzee. Kama kila mtu anapita katika kila umri, basi kinachotolewa kwa wazee leo kitatolewa kwetu kesho, na mwishowe kila maisha yakitazamwa kwa ukamilifu wake hakuna aliyepunjwa. Kwa lugha ya kawaida, hii ni hoja ya foleni: aliye nyuma hadhulumiwi kwa kuwa nyuma, kwa sababu zamu yake inakuja.

Naikubali hoja hii, lakini kwa masharti ambayo ni ya hoja yenyewe. Foleni ni ya haki ikiwa mambo mawili yametimia. La kwanza, waliotangulia nao wawe walingoja kama tunavyongoja. La pili, dirisha liwe bado wazi tutakapolifikia. Lisipotimia mojawapo, aliye nyuma hangoji zamu yake. Anangoja tu.

Tuanze na sharti la kwanza. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi wa Makerere alisomeshwa na serikali, akapewa malazi na chakula, na juu yake akapata posho. Mwaka 1992 chuo kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na leo wengi wetu ni wa aina hiyo. Tangu mwaka 2014 kuna mikopo ya serikali ya elimu ya juu kwa baadhi ya wanafunzi, nayo inarejeshwa. Kwa hiyo kuna watu waliosomeshwa bure, wakapokelewa kazini mara tu walipovua majoho, ambao leo hutuhutubia katika mahafali kwamba tusitegemee serikali. Sidhani kwamba wanasema hivyo kwa nia mbaya. Lakini nasaha hiyo inatolewa na mtu aliyevuka mto kwa daraja kwa mtu ambaye daraja lake limeondolewa.

Lakini pia tusiwaweke waliotutangulia wote katika kapu moja. Waliofanya kazi katika miaka ya 1970 na 1980 walipitia utawala wa Amin, vita, na mishahara ambayo haikununua hata chakula cha wiki. Kisha ikaja miaka ya 1990 na masharti ya kupunguza gharama za serikali: watumishi wa umma waliokuwa takriban 320,000 mwaka 1990 walipunguzwa hadi karibu nusu katikati ya muongo huo. Wengi walirudi vijijini wakiwa na umri wa miaka 40 na kitu, bila kazi na bila mtaji. Wazazi wa baadhi ya wasomaji wa insha hii ni miongoni mwao, au ni watoto wao. Kizazi cha wazee, basi, si kimoja. Ndani yake wamo waliopewa na wamo walionyang'anywa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutowatoza wazee binafsi deni hili.

Sharti la pili linatuumiza zaidi. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulilelewa na sera hizo, na pamoja nazo tulipewa ahadi ambayo haikuandikwa popote lakini kila mzazi aliirudia: soma, kazi itakuja. Familia ziliuza ng'ombe na vipande vya ardhi kwa kuiamini ahadi hiyo. Milango ya darasa ilipanuliwa mara nyingi, lakini milango ya kazi haikupanuliwa kwa kiasi hicho. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini, na karibu nusu yao ni watoto wasiofika miaka 18. Hao wako nyuma yetu kwenye foleni. Kama dirisha ni finyu kwetu, kwao litakuwa tundu.

John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, alituomba tufikirie kanuni ambazo tungezichagua kama tungekuwa nyuma ya pazia, bila kujua tutazaliwa nani. Yeye mwenyewe aliitumia fikra hiyo kwa vizazi pia. Basi tuitumie hapa. Tuseme hujui kama utazaliwa Uganda mwaka 1945, 1960 au 2003. Je, ungekubali mpango ambao mmoja anasomeshwa bure na kuajiriwa, mwingine anapunguzwa kazini katikati ya maisha, na wa tatu anajisomesha kwa mkopo kisha anaambiwa akope tena ili ajitengenezee kazi? Sidhani. Ungekubali nyakati nzuri na mbaya ziwepo, kwa maana hakuna anayeweza kuzizuia zote, lakini ungedai kwamba mzigo wa nyakati mbaya usiachiwe wale tu waliobahatika vibaya kuzaliwa ndani yake.

Hapa tunafika kwenye jibu ambalo serikali zetu zimelichagua: jiajirini. Kampala tuna neno la Kiganda, kuyiiya, yaani kubuni namna ya kupata riziki pale ambapo njia haionekani. Vijana wetu wanajua kuyiiya. Anayekaanga chapati na mayai Wandegeya, anayechapisha kadi za harusi Nasser Road, anayechomelea milango Katwe, wote wamejitengenezea kazi. Sina neno dhidi ya kujiajiri. Swali langu ni kuhusu masharti ya amri hiyo.

Mwaka wa fedha 2013/14 serikali ilianzisha Mpango wa Riziki kwa Vijana kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 30. Vijana 10 hadi 15 waliunda kikundi wakakopeshwa pamoja, bila riba kama wangelipa ndani ya miezi 12, na kwa asilimia 5 baada ya hapo. Mwaka 2019 ikaja Emyooga, inayopitia vyama vya akiba vya watu wa fani moja. Mwaka 2022 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, ambao hupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi, na mkopaji hupata hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kenya ilianzisha Hustler Fund mwishoni mwa Novemba 2022, ambapo mkopo wa mtu binafsi hutolewa kwa simu na kurejeshwa ndani ya siku 14.

Hii si mipango ya kubezwa. Milioni 1 ni nguruwe kadhaa, au kuku 50 na banda lao, au mtaji wa kuanza uwakala wa pesa za simu, ingawa haitoshi kununua pikipiki mpya ya bodaboda. Siku 14 zinamtosha muuza nyanya, ingawa hazimtoshi mwenye cherehani. Pamoja na tofauti zake, mikopo yote hii inafanana kwa jambo moja: biashara ikifa, deni halifi. Kuku wakifa kwa kideri, mkopaji bado anadaiwa. Kwenye kikundi, mmoja akitoroka na pesa, waliobaki wanadaiwa fungu lake. Kwa maneno mengine, serikali inatoa pesa na amri, na kijana anatoa jasho na kubeba hatari yote. Mtu mwenye mali kidogo kuliko wote ndiye aliyepewa hatari kubwa kuliko wote.

Je, kuna njia nyingine? Uganda yenyewe ina mfano uliochunguzwa vizuri. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mpango mmoja wa serikali kaskazini mwa nchi, eneo lililokuwa limetoka vitani, uliwapa vikundi vya vijana ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa. Ilikuwa wastani wa dola 382 kwa mtu. Haikurejeshwa, wala hakuna aliyewasimamia baada ya kuipokea. Kwa kuwa waombaji walizidi fedha zilizokuwepo, waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu, na hivyo watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez wakaweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Baada ya miaka 4, waliopata walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 38 na mali ya biashara iliyozidi kwa asilimia 57. Kinyume cha hofu ya wengi, pesa za bure hazikuwafanya wavivu: walifanya kazi saa nyingi zaidi, kwa asilimia 17.

Watafiti walirudi tena baada ya miaka 9, na safari hii waliona jambo la kutafakarisha. Waliokosa ruzuku walikuwa wamewafikia wenzao kwa kipato. Waliopata walibaki na mali zaidi na ufundi zaidi, lakini mapato ya makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Mwenye kupinga misaada atashangilia: unaona, wote walifika, kwa hiyo ruzuku ilikuwa ya nini?

Mimi naona matokeo hayo yanaunga mkono hoja yangu. Yanaonyesha kwamba vijana wale hawakuwa na upungufu wa akili wala bidii, maana hata waliokosa walifika. Walichokosa ni mtaji wa kuanzia, na kwa kuukosa walilipa kwa miaka yao. Miaka hiyo si kitu kidogo. Ni miaka ambayo mtu anaoa au anashindwa kuoa, mama yake anatibiwa au hatibiwi, mtoto wa kwanza anaanza shule au anabaki nyumbani. Mtu anayefika mahali palepale akiwa na miaka 34 badala ya 27 amepoteza kitu ambacho hakuna riba inayoweza kukirudisha. Watu wanaotuambia kwamba mwishowe mambo hujipanga husahau kwamba kijana haishi mwishowe. Anaishi sasa.

Kwa hiyo naweka kanuni hii: anayemwamuru mwenzake achukue hatari kwa faida ya wote hana budi kubeba sehemu ya hatari hiyo. Kijana anayejiajiri haendi kujinufaisha peke yake. Anaipunguzia serikali mzigo wa kumtafutia kazi, analipa ushuru wa soko, na akifanikiwa anaajiri wengine. Akishindwa kwa uaminifu, ameshindwa akiwa katika safari ambayo alitumwa.

Kanuni hii si ngeni katika mazingira yetu. Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki wanaufahamu mkataba wa mudharaba unaotokana na sheria ya Kiislamu. Mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi. Faida wanagawana kwa kiwango walichokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe wala hila, mwenye mtaji hupoteza mtaji wake, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Hakuna anayedaiwa, kwa sababu kila mmoja amekwisha kupoteza alichoweka. Sheria ya fedha ya Uganda imeruhusu benki za namna hiyo tangu mwaka 2016. Mtu hahitaji kuwa Mwislamu ili aone haki iliyomo. Mfuko wa vijana unaweza kuendeshwa kwa mantiki hiyohiyo: biashara ikistawi, kijana arudishe zaidi ya alichopewa, sehemu ya faida, ili wanaofuata nao wapate. Ikifa kwa ukame, ugonjwa au soko kuanguka, deni life nayo. Ikifa kwa sababu pesa zilinyweshwa marafiki, mkopaji adaiwe.

Pingamizi kubwa linajulikana. Watu wakijua kwamba hasara itasamehewa, watazembea, na watakaolipia uzembe huo ni walipa kodi, wakiwemo maskini. Pingamizi hili ni la haki, kwa sababu pesa za umma zina wenyewe. Nalijibu kwa mambo mawili. Kwanza, anayefanya kazi mwaka mzima na kubaki mikono mitupu amekwisha kuadhibiwa, na vijana wa kaskazini wametuonyesha kwamba walio wengi hawahitaji fimbo ya deni ili wafanye kazi. Kazi ya kumtofautisha mzembe na aliyepatwa na balaa ni ngumu, lakini ofisa wa parishi anayeishi na watu anaweza kuifanya vizuri zaidi kuliko benki ya mjini. Pili, serikali tayari hubeba hatari pamoja na wengine. Mwekezaji mkubwa hupewa ardhi na misamaha ya kodi ya miaka mingi, kwa hoja kwamba hatari yake ni kubwa na nchi itafaidika. Kama hoja hiyo inafaa kwa mwenye mabilioni, kwa nini iitwe kudekeza inapotumiwa kwa mwenye milioni moja?

Zaidi ya mikopo, kubeba hatari kuna sura nyingine za kila siku. Tangu Julai 2025 biashara mpya za raia wa Uganda zenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500 zimepewa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 3. Ni hatua njema, lakini kodi ya mapato hulipwa na mwenye mapato. Kinachoua biashara changa ni gharama zinazotangulia mapato: kodi ya chumba ya miezi kadhaa inayodaiwa kwa mkupuo, na leseni ya biashara inayolipwa kabla mtu hajauza hata pipi moja. Kungojea leseni mpaka mwaka wa kwanza uishe kungemsaidia muuza vitambaa kuliko msamaha wa kodi ambayo hajafikia kuidaiwa. Vivyo hivyo kuhusu malipo. Serikali ya Uganda inadaiwa na wazabuni wa ndani matrilioni ya shilingi. Kampuni kubwa inaweza kungoja malipo kwa mwaka mzima. Kijana aliyekopa ili apeleke madawati shuleni hawezi. Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini zabuni isiyolipwa kwa wakati humfanya kijana aikopeshe serikali badala ya serikali kumkopesha yeye.

Na wazee? Nimesema hawadaiwi viti vyao, lakini sikusema hawadaiwi kitu. Mtu mwenye ujuzi wa miaka 30 anaondoka nao akistaafu, kama hakuna aliyeupokea. Ingekuwa haki, na ingewezekana, mtumishi anayekaribia kustaafu apunguziwe saa katika miaka yake 2 ya mwisho, na saa hizo apewe kijana anayefanya kazi chini yake na kulipwa. Kiti kingekaliwa na wawili kwa muda, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Mafundi wa Katwe wamefanya hivyo siku zote bila waraka wowote: mwanagenzi huanza kwa kushika chuma kinachokatwa, na siku moja hujikuta ndiye anayekata.

Sisi vijana nasi tuna wajibu. Atakayesaidiwa kwa fedha ya umma asiigeuze kuwa pesa ya starehe, atunze hesabu hata kwenye daftari la senti, na akifanikiwa akumbuke walio nyuma yake kwenye foleni, ambao ni wengi kuliko sisi. Haki kati ya vizazi haina maana ikiwa tunaidai kwa waliotangulia tu na kuwanyima wanaofuata.

Nimalizie kwa ombi kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu. Mwaka huu tutaambiwa tena, katika mahafali na katika hotuba za bajeti, kwamba tuwe watu wa kutengeneza ajira na si wa kutafuta ajira. Tusipige makofi haraka wala tusizomee. Tuinue mkono tuulize swali moja tu: nikifanya kama mnavyosema, nikajitahidi kwa uaminifu wote na bado nikashindwa, hasara ni ya nani? Anayejibu kwamba ni yako peke yako amekupa ushauri. Anayejibu kwamba ni yetu sote ndiye aliyeanza kukutendea haki.